Ufunguo Usiomo Katika Hati

Hati ya makabidhiano ni aina ya maandishi ambayo wahakiki wetu hawajaijali, nami nadhani inastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki riwaya au utenzi, maana ina muundo wake, ina mtindo wake na ina uongo wake. Kila aliyewahi kufanya kazi ya ofisi katika nchi hii anaijua. Anayeondoka huorodhesha meza, viti, kabati la chuma, mafaili, mihuri, vitabu vya stakabadhi, na pikipiki kama ipo. Anayeingia huweka saini. Shahidi, aghalabu mtendaji au mwenyekiti wa kamati, huweka saini yake chini ya hizo mbili, muhuri hugongwa, na watu hupeana mikono. Uongo wenyewe umo katika mstari wa mwisho, pale inaposemwa kwamba vyote vimekabidhiwa na vyote vimepokewa.

Nimezisoma hati hizo nyingi hapa Sudi na katika vijiji vya jirani, kwa kuwa mtu akishajulikana kuwa anaandika, huitwa kuandika kila kitu, kuanzia barua ya posa hadi muhtasari wa mkutano. Zile za zamani, za mashine ya chapa, zinapendeza kuzisoma. Kiti kibovu hupewa mistari miwili mizima: mguu upi umevunjika, umefungwa kwa kamba au kwa waya, na nani alikuwa amekikalia siku hiyo. Mwandishi wa hati ile alijua kwamba siku moja ataulizwa. Lakini katika hati za miaka hii ya karibuni, ambamo kompyuta nayo imeingia katika orodha ya mali, utakuta maneno matatu tu: "Kompyuta moja, nzuri." Baada ya hapo zinafuata pazia na ndoo. Ni kama mtu akukabidhi nyumba kwa kuandika "mlango mmoja, mzuri", asitaje kwamba una ufunguo wala ufunguo huo uko mfukoni mwa nani.

Ndugu msomaji ambaye hajapata kushughulika na mambo haya aelewe jambo moja kwanza. Katika kila mfumo wa kompyuta unaotumiwa na taasisi, iwe shule, zahanati au chama cha ushirika, kuna mtu mmoja aliye juu ya wengine wote. Huitwa msimamizi mkuu wa mfumo. Yeye ndiye anayewafungulia wengine akaunti na kuzifunga, ndiye anayeamua nani aone tu na nani aidhinishe. Akiondoka bila kumpa mwingine uwezo huo, hakuna kinachoonekana kuharibika siku ya kwanza. Umeme unawaka, programu inafunguka, karani anaendelea kuingiza takwimu. Ni baadaye, pale anapotakiwa kuongezwa mfanyakazi mpya, au kuondolewa aliyekufa, au kuidhinishwa orodha ya malipo, ndipo watu wanapogundua kwamba wamebaki kuwa wageni katika nyumba yao wenyewe.

Nimeliona hilo kwa macho yangu. Chama kimoja cha wakulima wa korosho katika mwambao huu, ambacho sitakitaja jina, na ambacho mimi ni mmoja wa wanachama wake, kilinunua programu kutoka kwa kampuni moja ya Dar es Salaam ya kutunzia orodha ya wakulima: jina, kilo zilizopimwa, namba ya akaunti ya benki. Alipelekwa kijana mmoja, karani, akafundishwa kwa wiki moja. Siku ya kuandikishwa aliulizwa anwani ya barua pepe ya chama. Chama hakikuwa nayo, akatoa yake. Akaulizwa namba ya simu ya chama. Hiyo pia haikuwapo, akatoa yake. Hapana aliyemlaumu, na kwa hakika wote tulimsifu, maana mambo yaliyokuwa yakitushinda kwa daftari yeye aliyamaliza kwa jioni moja. Tukawa tunamwita "mtaalamu wetu".

Baada ya misimu mitatu mkataba wake ulikwisha, na wakati huo chama kilikuwa kinadaiwa naye mishahara ya miezi minne. Akaandika hati yake ya makabidhiano, safi kabisa, akaondoka kwenda Lindi mjini. Msimu ukaanza. Karani mpya alipima na kuingiza kilo bila shida, maana alikuwa amefunguliwa akaunti ndogo zamani. Mnada ukapita, fedha zikaingia, na orodha ya malipo ikasimama ikingoja idhini ya mtu ambaye hakuwa tena mfanyakazi wetu. Wapo waliosema iandikwe kwa mkono. Wazee wakakataa, na walikuwa na sababu: miaka ya orodha za mkono wanaikumbuka, jinsi kilo zilivyokuwa zikipotea kati ya mizani na karatasi. Wiki tano watu walikaa wakisubiri haki yao, Desemba ikaisha, na Januari ikaingia na sare za shule na madaftari yake.

Katika mkutano wa dharura alisimama bibi mmoja, mwenye mikorosho yake mwenyewe tangu mumewe alipofariki, akamwambia mwenyekiti: "Mwanangu, korosho nimezileta mimi kwa kichwa changu. Mizani nimeiona. Wewe unanijua, karani ananijua, na huyu mzee anayeandika ananijua. Sasa ni nani huko ndani asiyenijua?"

Sijasikia swali lenye kuupiga msumari wa jambo hili kuliko hilo. Nitalirudia baadaye kidogo.

Kwanza nizungumze juu ya jina. Sisi tumeliita neno lile la kufungulia mfumo "neno la siri", wengine wakafupisha kuwa nenosiri, wengine wakatunga nywila, na maofisini wengi husema paswedi tu. Sina ugomvi na watunzi wa istilahi, kazi yao ni ngumu na malipo yake ni lawama. Lakini nionavyo mimi, neno siri limetupotosha. Siri kwa Mswahili ni ya mtu. Mtu ana siri yake, hufa nayo, na kumwuliza mwenziwe siri yake ni utovu wa adabu. Ndiyo maana yule karani alipoondoka hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwuliza. Tungeliliita kwa jina jingine, labda tungemwuliza mbele ya shahidi, kama tulivyomwuliza ufunguo wa ghala.

Nilikwenda Lindi kumwona. Alinipokea vizuri, akaniamkia, akaniletea kiti. Nilipomweleza shida ya watu alinyamaza, halafu akasema: "Mzee wangu, mimi sijaiba hata kalamu. Lakini lile neno ndilo lililobaki langu pale. Nikilitoa leo, miezi yangu minne nani atanikumbuka?" Hapo siri ilikwisha kugeuka kuwa rahani. Kijana alikuwa ameweka mkono wake juu ya kitu chetu kama vile mwenye duka anavyoshikilia pete ya mdeni. Kisheria naamini hakuwa na haki hiyo, na nilimwambia. Lakini mhakiki anayemhukumu karani bila kuihukumu kamati iliyokaa miezi minne bila kumlipa anasoma nusu ya kitabu. Katika nchi ambamo watumishi hukaa na madai ya uhamisho na malimbikizo kwa miaka, si ajabu kwamba mtu mwenye ufunguo wa mwisho huona amepata wakili.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Mwaka 2008 fundi mmoja wa mtandao wa jiji la San Francisco, Marekani, Terry Childs, alikataa kuwapa wakubwa wake maneno ya siri ya mitambo iliyobeba mawasiliano ya jiji. Alikamatwa mwezi Julai, akakaa rumande siku kadhaa akiwa bado amefunga mdomo, na hatimaye akayatoa kwa mtu mmoja tu, meya wa jiji wakati huo, Gavin Newsom, aliyemfuata huko huko jela. Mwaka 2010 alitiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha miaka minne. Magazeti mengi yalimchora kama mwendawazimu. Mimi katika kisa chake naona pia jiji zima lililokubali kwa miaka kwamba mtu mmoja awe ndiye mtandao, likamlipa kwa hilo, likamsifu kwa hilo, na siku moja likashangaa kwamba ameamini sifa zake.

Kisa kinachotukaribia zaidi ni cha chuo kimoja cha huko huko Marekani, American College of Education cha Indianapolis. Mwaka 2016 chuo kilimwachisha kazi fundi wake wa kompyuta. Barua pepe na vifaa vya masomo vya wanafunzi zaidi ya 2,000 vilikuwa katika akaunti ya Google, na msimamizi mkuu wa akaunti hiyo alikuwa yeye peke yake. Chuo kilipowaendea Google, hawakuifungua, kwa kuwa katika kumbukumbu zao mwenye akaunti hakuwa chuo. Yule fundi, kupitia kwa wakili wake, alitaka dola 200,000 ili kuyamaliza. Chuo kikaenda mahakamani.

Na hapa ndipo ninapolirudia swali la bibi yetu. Ni nani huko ndani asiyenijua? Jibu ni kwamba huko ndani hakuna anayemjua mtu yeyote. Kampuni ya Dar es Salaam tuliyoipigia simu haikumjua mwenyekiti wetu kwa sauti wala kwa sura. Ilijua anwani moja ya barua pepe na namba moja ya simu, zote za kijana aliyekwisha kuondoka. Mwenyekiti alipiga kelele kwenye simu, "Sisi ndio chama!" na kijana wa upande wa pili akajibu kwa adabu kwamba kila anayepiga simu husema hivyo. Wanachama walikasirika sana. Mimi, ingawa fedha zangu nami zilikuwa zimekwama, niliona kampuni ina haki. Laiti ingelifungua mlango kwa kelele za simu, basi tapeli yeyote mwenye sauti nene angeweza kuzipeleka korosho zetu kwenye akaunti yake. Kurudishiwa usimamizi wa mfumo hakuna budi kuwe kazi ngumu. Kosa linakuja pale ugumu huo unapokuwa haujaandaliwa ushahidi wa kuushinda.

Maana kwa kweli jambo lote hili, ukilivua nguo zake za ufundi, ni jambo la ushahidi. Kampuni ilitaka vitu vitatu: cheti cha usajili wa chama, muhtasari wa mkutano wenye saini za wajumbe, na barua ya afisa ushirika wa wilaya. Vyote ni karatasi. Hakuna kimoja kinachohitaji mtu ajue kompyuta.

Upo mlango wa nyuma, nisije nikaambiwa nimeuficha. Kama mashine yenyewe inayotunza kumbukumbu iko katika chumba chenu, fundi anayejua kazi anaweza kuiwasha kwa njia ya matengenezo, ile inayowekewa watengenezaji, akaandika neno jipya la msimamizi bila kumwomba mtu ruhusa. Wengi wa mafundi hao hufanya hivyo kila wiki mijini, na taasisi huwasifu. Wanasahau kwamba mlango huo uko wazi kwa kila anayeweza kuigusa mashine, akiwamo mlinzi wa usiku na mpwa wake. Na kama kumbukumbu ziko mbali, katika mashine za kampuni, mlango wa nyuma huo hauko kwako, uko kwa kampuni.

Mwambao huu unajua inavyokuwa pale mwenye nguvu za kuuvunja mlango anapoamua nani awe mwenye nyumba. Almeida alipofika Kilwa Julai 1505, alimkuta Amiri Ibrahim akitawala bila kukubaliwa na wote kuwa ndiye sultani halali. Amiri akakimbia. Wareno wakamtafuta mtu wao, Muhammad Ankoni, wakamvika taji, na kwa upande wao makabidhiano yakawa yamekwisha. Mwaka uliofuata Ankoni aliuawa, watu wakagawanyika juu ya nani amrithi, na kufikia 1512 Wareno walikwisha kuiacha ngome yao ya Kilwa. Walikuwa na ufunguo wa jengo tu.

Ukitaka kuona makabidhiano ya namna hii yakifanywa kwa kipimo cha nchi nzima, tazama majina ya mtandao. Kila nchi ina herufi zake mbili mwishoni mwa anwani, Kenya ke na Tanzania tz, na yule anayesimamia orodha ya herufi hizo ndiye msimamizi mkuu wa nchi katika intaneti. Katika miaka ya 1990 mtandao ulikuwa mdogo, na usimamizi huo ulikabidhiwa watu waliokuwapo na walioweza. Herufi za Kenya ziliandikishwa mwaka 1993 kwa jina la Dkt. Shem Ochuodho, na kazi ya kiufundi ikafanywa na Randy Bush wa Marekani. Herufi zetu ziliandikishwa mwaka 1995, zikatunzwa na wataalamu wa Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walifanya kazi nzuri wakati hapakuwa na mwingine wa kuifanya, na jambo hilo husahauliwa upesi. Lakini mtandao ulipokua, swali likawa ni nani anayezungumza kwa niaba ya nchi. Kenya ilivutana nalo mpaka usimamizi ulipohamishiwa KENIC Desemba 2002. Kwetu tzNIC iliundwa mwaka 2006, na uhamisho ukathibitishwa kimataifa mwaka 2010.

Nilichokipenda katika habari hiyo ni waraka uliokuwa ukiongoza mambo hayo, ulioandikwa na Jon Postel Machi 1994. Postel alikuwa mwanasayansi wa California aliyekuwa akitunza orodha za mtandao karibu peke yake, kwa hiyo alikuwa na kila sababu ya kujiona mwenye mali. Badala yake aliandika kwamba anayepewa usimamizi wa herufi za nchi ni mdhamini, anazishika kwa niaba ya watu wa nchi hiyo na kwa niaba ya watumiaji wote wa mtandao duniani, na kwamba kuzungumzia haki na umiliki wa kitu hicho ni kukosea mahali pa kuanzia. Nilipousoma nilijiambia, huyu mtu ameeleza amana. Mwenye kushika amana haulizwi kama ni mwerevu. Anaulizwa kama anaweza kuirudisha leo, ikitakiwa leo.

Kwa kipimo hicho, mambo makubwa ya siku hizi hayafanyi vizuri kuliko chama chetu cha korosho. Kenya tena, ambayo namtaja jirani kwa kuwa wakaguzi wake huandika bila kuogopa: mfumo wa eCitizen, ambao raia hulipia humo huduma za serikali, ulitengenezwa na kampuni binafsi, ukagombewa mahakamani, na Januari 2023 ikaelezwa kwamba serikali imekabidhiwa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu zilizofuata zilihoji kama kweli serikali ndiyo inayoushika. Na mwezi Machi 2025 ofisi hiyo hiyo iliripoti juu ya mfumo wa bima ya afya wenye thamani ya shilingi za Kenya bilioni 104.8, kwamba umiliki wake haumo mikononi mwa taasisi iliyoununua. Mtu hununua ng'ombe, akaambiwa kamba inabaki kwa aliyemwuza.

Sisi huku tumechagua njia nyingine katika baadhi ya mambo. Mfumo wa ununuzi wa umma wa TANePS, uliojengwa na kampuni ya nje, uliachwa mwaka 2023 na nafasi yake ikachukuliwa na NeST, uliojengwa na vijana wetu chini ya taasisi za serikali. Ni jambo la kupongezwa. Ila nisingependa tudhani kwamba kumtoa mgeni kumemaliza tatizo. Yule karani wetu hakuwa mgeni. Alizaliwa hapa, mama yake anauza samaki wa kukaanga, na kufuli lilifungwa kama lingefungwa na kampuni ya Ulaya.

Aliye karibu kabisa na suluhisho, kwa uchunguzi wangu, hajawahi kusomea TEHAMA. Ni akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa, wale wa VICOBA. Msingi wa utaratibu wao ulianza Niger mwaka 1991 na shirika la CARE, ukasambaa Afrika mpaka ukafika kwetu, na sasa umezoeleka kiasi kwamba ukisema umetoka nje watu watakubishia. Sanduku lao la chuma lina kufuli tatu. Funguo tatu hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe hulala kwa mtu wa nne. Halifunguki ila mkutanoni, mbele ya wote, na kinachohesabiwa huhesabiwa kwa sauti. Mshika ufunguo akisafiri, huuacha kwa mwenziwe aliyekubaliwa na kikundi. Akifa, kufuli moja hukatwa mbele ya mashahidi na kununuliwa nyingine, na biashara inaendelea wiki ile ile. Mshika ufunguo hatakiwi kuwa bingwa wa hesabu, anatakiwa kuaminika na kupatikana.

Wataalamu wa dunia wamefika hapo hapo kwa njia ndefu. Mwaka 1979 Adi Shamir, mwanahisabati wa Israeli, alionyesha namna ya kuligawa neno la siri vipande, wakapewa watu kadhaa, na likapatikana tena wakikutana idadi iliyokubaliwa, hata wengine wasipokuwapo. Ufunguo mkuu unaothibitisha anwani zote za intaneti duniani, tangu mwaka 2010, hutumiwa katika hafla maalumu huko Marekani, ambamo watu wa nchi mbalimbali wanaoshika funguo za visanduku ni 7 kwa kila kituo, na wasipofika angalau 3 kazi haifanyiki. Kamera huwekwa, kila hatua husomwa kwa sauti. Nilipomsimulia jirani yangu, ambaye ni mshika ufunguo wa kikundi chake, hakushangaa hata kidogo. Aliuliza kama na wao hutoza faini kwa anayechelewa.

Sasa tuirudie hati yetu tuione inakosa nini. Wapo waliokwisha kugundua upungufu, na tiba yao ni bahasha: anayeondoka huandika neno lake la siri katika karatasi, hutiwa ndani ya bahasha, hufungwa kwa gundi na muhuri, na hati huandika "bahasha moja". Ni hatua, lakini mhakiki hawezi kuisifu sana. Aliyeandika neno lile bado analo kichwani, kwa hiyo hakukabidhi, amenakili. Tena mrithi wake akiingia kwa jina la mwenzake, kumbukumbu za mfumo, ambazo huandika nani amefanya nini na saa ngapi, zitasema uongo kuanzia siku hiyo. Ikitokea kilo zimepunguzwa, itaonekana zimepunguzwa na mtu aliye Lindi anayekula chakula chake cha mchana.

Makabidhiano halisi yanaonekana. Anayeondoka huketi mbele ya mashine na shahidi akitazama, humfungulia anayeingia akaunti yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, na kumpa uwezo wa msimamizi. Anayeingia huingia hapo hapo, hufanya jambo moja ambalo msimamizi tu ndiye awezaye kulifanya, wote wakaliona limefanyika. Kisha yeye, yule mpya, ndiye anayemwondoa wa zamani. Mpangilio huu una sababu zake: ukimwondoa wa zamani kwanza na wa pili akashindwa kuingia, mmebaki nje wote. Anwani ya barua pepe na laini ya simu zinazopokea namba za uthibitisho ziwe za taasisi, zimeandikishwa kwa jina lake, na laini yenyewe ilale katika kasha la ofisi. Laini ya mtu isipotumika kwa miezi hufungwa, na namba ile huweza kuuzwa kwa mwingine kabisa, asiyejua kwamba amenunua pamoja nayo mlango wa chama cha watu. Yote haya huchukua kama nusu saa, muda ule ule unaotumika kuhesabu viti.

Nitaambiwa kwamba vyama vidogo havina watu watatu wanaojua kompyuta. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito zahanati inapokuwa na muuguzi mmoja na shule inapokuwa na mwalimu mmoja anayejua kuiwasha. Hapo ninawapeleka kwa akina mama wa sanduku. Akaunti ya pili ya msimamizi inaweza kushikwa na mwenyekiti asiyeigusa mwaka mzima, mradi maneno yake yamefungwa katika kasha lisilofunguka ila kwa watu wawili.

Chama chetu kilikuwa kimekwisha kupata karatasi mbili kati ya tatu, barua ya wilaya ndiyo iliyokuwa bado njiani, kamati ilipoamua kumlipa kijana miezi miwili kati ya minne. Alikuja kwa bodaboda siku ya Jumamosi, akaketi, akaandika lile neno mbele ya wajumbe, na haikuchukua hata dakika mbili. Kisha aliwafungulia akaunti watu watatu: karani mpya, katibu, na yule bibi wa mkutanoni, ambaye wajumbe walimpendekeza kwa kauli moja naye akakubali kwa sharti kwamba asifundishwe kitu kingine chochote. Aliondolewa mwenyewe na karani mpya, akatazama jina lake likifutika, akaomba maji ya kunywa. Orodha ilikwenda benki Jumatatu. Miezi miwili iliyobaki ya mshahara wake, hadi ninapoandika haya, haijalipwa.